Lita Moja ya Petroli na Dhamana ya Mtu Mmoja

Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu za kilo. Ikiungua ndani ya injini hutoa kilo 2.3 hivi za gesi ya kaboni dayoksaidi. Jambo hilo si muujiza. Kila atomu ya kaboni iliyomo katika petroli huungana na atomu mbili za oksijeni zitokazo hewani, na oksijeni ndiyo yenye sehemu kubwa ya uzito huo.

Je, mwenye gari abebe lawama ya kilo hizo? Mwaka 2005 mwanafalsafa wa Marekani, Walter Sinnott-Armstrong, alitoa hoja kwamba mtu aendeshaye gari kwa starehe siku ya Jumapili hamdhuru yeyote kwa safari hiyo moja, kwani joto la dunia lingepanda hata asingesafiri. Kwa maoni yake, wajibu mkubwa ni wa serikali.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini sayansi haiiungi mkono kikamilifu. Joto la dunia hupanda takriban sawia na jumla ya kaboni dayoksaidi yote iliyokwisha kutolewa na wanadamu, na sehemu ya gesi hiyo hubaki angani kwa karne nyingi. Mchango wa mtu mmoja ni mdogo mno, ila haulingani na sifuri.

Kosa kubwa zaidi ni kuwapima watu wote kwa mizani moja. Mmarekani wa wastani hutoa takriban tani 14 kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia. Mtanzania wa wastani hafikii nusu tani. Mama apikaye kwa mkaa jijini Dar es Salaam kwa kukosa fedha za kujaza mtungi wa gesi hana hiari, na pasipo hiari ni vigumu kuzungumzia hatia.

Lakini wastani huficha mengi. Mtumishi aendeshaye gari peke yake kilomita 40 kila siku ya kazi, kwa lita 1 kila kilomita 10, hutoa tani 2.3 katika siku 250, yaani zaidi ya mara nne ya nusu tani hiyo. Akiwa mkazi wa Kimara, mabasi yaendayo haraka yamekuwa yakipita hapo tangu mwaka 2016. Ni kweli kwamba mabasi hayo hujaa kupita kiasi, na dosari hiyo haiwezi kurekebishwa na abiria.