Sinthesaiza za Zamani na Programu Igizi: Maswali na Majibu ya Marudio

1. Eleza maana ya programu igizi ya sinthesaiza. (Alama 2)

Programu igizi ni programu ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa sakiti za sinthesaiza halisi na kuzalisha sauti papo hapo noti inapopigwa. Neno "kukokotoa" lina alama moja. Neno "sakiti" lina alama moja.

2. Tofautisha programu igizi na maktaba ya sampuli. (Alama 4)

Maktaba ya sampuli hucheza sauti zilizokwisha kurekodiwa kutoka kwenye ala. Programu igizi huzalisha wimbi upya kila mara. Usiandike kwamba "zote hutumia kompyuta": huo ni ufanano, nawe umeulizwa tofauti.

3. Ukirejelea Minimoog Model D, fafanua sehemu mbili za sakiti zinazopaswa kulinganishwa na programu igizi. (Alama 8)

Minimoog Model D ilitolewa Marekani mwaka 1970. Ni ala ya analogi inayotoa noti moja tu kwa wakati mmoja.

(a) Osileta. Zipo tatu. Kimo cha sauti cha osileta za analogi huyumba kidogo joto linapobadilika, hivyo osileta mbili zilizolinganishwa hazibaki sawa kabisa. Programu dhaifu haiyumbi.

(b) Chujio la ngazi. Hukata desibeli 24 kwa oktavi. Hapa ndipo penye alama nyingi, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi hushindwa. Sifa zinazotahiniwa ni mbili: rezonansi ikipandishwa, besi hupungua, na osileta zikiingizwa kwa nguvu kubwa, chujio hupotosha wimbi. Namna ya kupima: shikilia noti ya chini, tumia wimbi la msumeno, kisha pandisha rezonansi polepole. Besi isipopungua, chujio hilo halijaigwa ipasavyo.

Tahadhari: piga pia noti za juu sana na uzipandishe. Ukisikia mlio mwembamba unaoshuka wakati noti inapanda, hiyo ni kasoro ya ukokotoaji wa kidijitali. Haimo kwenye ala ya analogi.

4. Mtahiniwa alisikiliza sauti moja ya kiwandani ya Diva na moja ya Mini V, ambazo ni programu igizi, akahitimisha kuwa Diva inaikaribia zaidi Minimoog. Kosoa mbinu yake. (Alama 5)

Sauti za kiwandani hupima ustadi wa aliyezitengeneza, si uigaji wa sakiti. Ulinganisho halali hutumia faili moja ya MIDI, huzima mwangwi na vikolezo vyote, na husawazisha ukubwa wa sauti, kwa kuwa sauti iliyo kubwa kidogo huonekana bora hata isipokuwa bora. Msikilizaji asijue ni programu ipi inayolia. Aidha, mtahiniwa hakuwa na Minimoog ya kulinganishia, kwa hiyo neno "inaikaribia" halina msingi. Hoja hii ya mwisho husahaulika kila mwaka.

Diva ina viwango kadhaa vya ubora, na cha juu huilemea prosesa. Taja kiwango kilichotumika.

5. "Programu hii inalia kama Prophet-5." Kwa nini kauli hii haijakamilika? (Alama 3)

Prophet-5, sinthesaiza ya mwaka 1978, ina matoleo tofauti. Toleo la kwanza na la pili hutumia chipu za SSM. Toleo la tatu hutumia chipu za Curtis, na machujio hayalii sawa. Kauli kamili hutaja toleo. Hata ala mbili za toleo moja hutofautiana, kwa sababu vipuri huzeeka na urekebishaji haufanani.

6. Kwa nini Yamaha DX7 huigwa kwa usahihi zaidi kuliko Minimoog? (Alama 3)

DX7, ya mwaka 1983, ni ala ya dijitali: opereta 6 kwa kila noti na algoriti 32. Kazi yake ilikuwa ukokotoaji tangu mwanzo, kwa hiyo programu hurudia ukokotoaji uleule. Dexed, programu ya bure, hupokea hata mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa na DX7 yenyewe. Tofauti iliyosalia ni kigeuzi cha biti 12 kinachobadili namba kuwa sauti. Hicho huongeza ukwaruzo. Asiyetaja kigeuzi hapati alama ya tatu.