Swali na Jibu: Kamba ya Kuanikia Inayozunguka

Swali: Je, kamba ya kuanikia nguo inayozunguka inafaa katika kiwanja cha nyumba mjini Kolwezi?

Jibu: Inafaa, kwa kuwa kifaa hiki, ambacho ni nguzo moja ya chuma yenye mikono iliyozungushiwa kamba, hubeba nguo nyingi mahali padogo, na upepo ukikigeuza kila nguo hupata jua. Nguzo husimikwa kwa zege katika shimo la takriban nusu mita, mbali na barabara, maana wakati wa kiangazi vumbi jekundu linalotimuliwa na malori ya migodi hutua juu ya kamba, ambazo hupaswa kufutwa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanika. Waya uliofunikwa kwa plastiki ni bora kuliko waya mtupu, ambao mvua huushikisha kutu na kuacha mistari ya kahawia kwenye mashuka.

Hata hivyo, hatari kubwa ni inzi aitwaye kitaalamu Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa kivulini, na viluwiluwi wake hupenya ngozi ya mvaaji na kusababisha majipu. Kwa hiyo, nguo zianikwe juani, na zote, zikiwemo nepi na nguo za ndani, zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono.