Taa ya Oili Ikiwaka, Lori Lisimame
Kijitabu cha elimu kwa wenye malori, mashoferi na mafundi wa Butembo na Beni

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu malalamiko yamezidi. Mwenye lori anadai fundi amemlia pesa. Fundi anasema shoferi ndiye aliyeua injini. Shoferi naye anaapa kwamba taa haikuwaka. Kila mmoja anakuja na risiti za kusine, za pampu, za filta, na karibu wote wanakosa kitu kimoja: namba. Hakuna aliyepima presha ya oili kabla bolti ya kwanza haijalegezwa.

Basi maagizo ni mawili, na yatarudiwa mpaka yachoshe. Taa ya oili ikiwaka, injini izimwe. Na injini isifunguliwe kabla haijapimwa.

Malori yanayozungumziwa ni yale yanayojulikana na kila mtu kwenye barabara ya Kasindi. Kuna Mercedes-Benz zenye injini ya OM 352, silinda 6, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Kuna Fuso zenye 6D16 ya lita 7.5. Nyingi zilikwisha kuchoka Ulaya au Japani kabla ya kuvuka mpaka. Hapa zinabebeshwa saruji, mbao na magunia, kisha zinaambiwa zipande: Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, Beni hadi Butembo 54, na katika kipande hicho cha pili barabara inatoka mwinuko wa mita 1,100 na ushei hadi zaidi ya 1,700. Ujenzi wa lami ya njia hizo ulizinduliwa Juni 2021 na marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni, ila mlima haukupunguzwa.

Maelezo haya ni ya dizeli za zamani zenye pampu ya mazuti ya kimakanika. Lori lenye kompyuta lifuate kitabu chake. Lenye garanti lirudishwe kwa aliyeliuza. Pikipiki na magari ya petroli hayahusiki.

Presha inatoka wapi

Mafundi wengi wakiona presha ndogo wanasema pampu imekufa. Mara nyingi haijafa. Pampu kazi yake ni kusukuma oili tu; presha inazaliwa pale oili inapobanwa ipite katika nafasi nyembamba kati ya shafti kuu na kusine, yaani beringi zake, nafasi isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita katika injini nzima. Kusine zikilika, oili inakimbia pembeni. Na inakimbia kwa kasi ya kutisha: nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja inaongezeka kiasi cha mara nane. Ndiyo maana pampu mpya kwenye injini iliyolika inamfurahisha mwenye lori wiki moja, halafu taa inarudi.

Sababu nyingine ni za bei ndogo, na kwa kuwa ni za bei ndogo ndizo zinazorukwa. Oili imepungua. Oili imechanganyika na mazuti yanayovuja kwenye injekta au kwenye pampu yake. Chujio la chini ndani ya karteri, ambalo mafundi wanaliita krepini, limeziba kwa masizi na vipande vya silikoni ya gasketi. Valvu ya kupunguzia presha imekwama ikiwa wazi kwa sababu ya uchafu kidogo tu. Au injini haina kosa lolote, sensa ndiyo imeharibika.

Taa isiaminiwe ikizimika

Hili halijulikani vya kutosha. Sensa nyingi za taa zinawasha pale presha inaposhuka karibu na nusu ya bar. Injini inayopanda mlima kwa mizunguko 2,000 inahitaji kama bar 2.5 au 3. Maana yake lori linaweza kupanda likiwa na bar moja tu, kusine zinakwanguana, turbo inaungua, na taa imezimika kabisa. Shoferi anayesema taa haikuwaka huenda anasema kweli, na injini imekufa vilevile.

Ikiwaka, basi, hilo si onyo la mapema. Ni habari ya mwisho.

Na hapa ndipo watu hawasikii. Taa inawaka Kabasha, kati ya Beni na Butembo, shoferi anahesabu kilomita zilizobaki na kusema atajikokota polepole mpaka garaji. Chini ya mzigo, kusine isiyo na oili inaweza kung'ang'ania shafti ndani ya dakika chache. Shafti iliyochunwa inahitaji kusagwa upya na kusine za saizi ya juu, na vipuri si vya kuokota njiani: tangu Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, njia ya Goma si ya kutegemea, na tegemeo kubwa ni Kampala kupitia Kasindi.

Kuzima nako kuna utaratibu wake. Shoferi atafute kwanza ukingo, avute breki ya mkono, konvwayeri aweke mawe chini ya matairi, ndipo injini izimwe. Isizimwe lori likiwa linateremka, kwa sababu kompresa haitajaza tena upepo wa breki na usukani utakuwa mzito. Baada ya dakika kumi hivi, mahali pa tambarare, kijiti cha kupimia kitolewe, kifutwe, kirudishwe, kisomwe. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe, na uvujaji utafutwe kabla ya kuondoka. Ikiwa kiwango ni sawa na taa bado inawaka, lori livutwe.

Watauliza: na kaskazini ya Beni, kuelekea Eringeti na Komanda, nani atasimama? Swali ni la haki. Septemba 2021 msafara uliokuwa ukisindikizwa ulishambuliwa kwenye njia hiyo na magari yakachomwa. Jibu ni kwamba lori la presha ya mashaka lisiingie kwenye msafara hata kidogo. Kipimo kifanyike siku moja kabla, na chuma cha kuvutia kiwepo ndani ya lori. Injini iliyong'ang'ania inasimamisha lori popote inapotaka yenyewe, na magari ya nyuma hayapiti.

Namba kabla ya spana

Kipimo hakihitaji mashine ya ajabu. Inatakiwa manometa yenye mpira wake, rahisi kuliko seti moja ya kusine. Sensa inafunguliwa, manometa inafungwa mahali pake. Nyuzi za Kijapani na za Kijerumani hazifanani, na fundi anayelazimisha atapasua kichwa cha filta. Injini ipashwe moto kwanza kwa kutembezwa. Presha ya injini baridi hudanganya, kwa kuwa oili bado nzito.

Ikiwa na moto, kwenye ralanti, yaani bila kukanyagwa, isomwe angalau nusu ya bar, na dizeli nyingi nzima zinasoma bar moja au zaidi. Ikikanyagwa hadi mizunguko 2,000, mshale upande kufikia bar 2.5 au 3. Kitabu cha injini kikiwepo, namba zake ndizo zinazotawala.

Halafu mshale usomwe tabia. Ukisoma vizuri, kosa ni la sensa, na mwenye lori ameokoa pesa nyingi kwa kazi ya nusu saa. Ukiwa juu asubuhi kisha ukazama injini inapopata moto, hasa kwenye ralanti, kusine zimelika au oili ni nyepesi mno. Ukipanda kidogo kisha ukashuka kadiri unavyokanyaga, krepini imeziba. Ukiwa umelala chini ghafla kwa mizunguko yote, valvu ichunguzwe kabla ya pampu.

Oili yenyewe inusiwe. Kiwango kilichopanda bila kuongezwa, chenye harufu ya mazuti, kinataka injekta zikaguliwe, wala hakuna oili mpya itakayodumu kabla ya hapo. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Filta ya zamani ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juu ya kitambaa cheupe kwenye jua. Vumbi linaloshikwa na sumaku ni la chuma. Chembe zenye rangi ya shaba zina maana kwamba ngozi laini ya kusine imekwisha na tabaka la chini limefikiwa. Lori hilo lisipakiwe tena.

Kuna dawa ya mtaani inayostahili kukemewa bila kuchoka: kuchanganya oili ya gia boksi ndani ya injini ili taa izimike. Watu wanaona 90 imeandikwa kwenye kidumu wakadhani ni nzito mara mbili ya 40. Vipimo hivyo ni vya ngazi mbili tofauti. Ikiwa na moto, oili ya gia ya SAE 90 ina uzito unaokaribiana na ya injini ya SAE 40 au 50. Faida haipo, ila dawa za salfa zilizomo zinaweza kula shaba ya kusine. Na oili chafu isimwagwe katika mto Kimemi. Watu wanaoga humo.

Matengenezo yakiisha, filta ijazwe oili kabla ya kufungwa. Mazuti yakatwe, starta ipigishwe vipindi vifupi mpaka mshale wa manometa uinuke, ndipo injini iwashwe na iachwe kwenye ralanti bila kukanyagwa. Manometa isitolewe mpaka injini imepata moto, na shoferi asome mwenyewe namba zote mbili, ya ralanti na ya mizunguko 2,000. Ziandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe. Risiti isiyo na namba hizo isilipwe.