SOMO LETU: Tuvune, Tukaushe, Tuweke



Wazee wetu walisema akiba haiozi. Msemo huu ni wa kweli kwa pesa iliyo kwenye sanduku la kikundi. Kwa mahindi ni kweli tu kama yamekauka. Mahindi yenye unyevu huoza, na ubaya wake ni kwamba yanaweza kuwa na sumu hata kabla jicho halijaona kuoza.

Somo hili tumelielekeza hasa kwa vikundi vya sehemu kavu za Ukambani, yaani Makueni, Kitui na Machakos, ingawa wengine pia watapata cha kuwafaa. Huko mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo mavuno makubwa huja wakati wa kiangazi cha Januari hadi Machi, jua likiwa kali. Kila kitu huiva kwa pamoja: mahindi, maharagwe, kunde, ndengu, na maembe nayo yanaanguka chini ya miti. Kwa muda wa wiki chache boma limejaa chakula. Ikifika Oktoba au Novemba, boma hilo hilo linanunua mahindi kwa goro dukani. Mbona iwe hivyo kila mwaka? Hebu tuangalie.

MAMBO TUTAKAYOJIFUNZA

1. Kupiga hesabu ya chakula cha nyumbani kabla ya kuuza.
2. Kuvuna na kukausha mahindi ili yasiingie kuvu.
3. Kuyaweka yasiliwe na wadudu.
4. Kukausha mboga na maembe.

1. HESABU KABLA YA LORI

Januari ni mwezi mgumu. Shule zimefunguliwa, karo inatakiwa, na mabroka wanajua. Lori linasimama sokoni, bei iko chini kwa sababu kila mtu ana mahindi, na mama anatoa magunia matatu ili mtoto asirudishwe nyumbani. Hatuwezi kumlaumu. Lakini ni vizuri auze akijua anachouza.

Tuseme jamaa ya watu sita inapika goro moja ya kilo 2 kwa siku. Gunia la kilo 90 litakwisha baada ya siku 45. Kuanzia Machi mpaka mavuno ya mwaka unaofuata ni kama miezi 11, yaani karibu siku 330. Basi jamaa hiyo inahitaji kilo 660, ambazo ni magunia 7 na zaidi kidogo. Tuseme 7 na nusu, kwa sababu wageni hawakosi. Mavuno ya masika yakipatikana ni nyongeza, lakini kwa sehemu kavu si ya kuwekea tumaini lote.

Kwa hivyo, mwenye magunia 10 ana ziada ya magunia 2 na nusu. Hayo anaweza kuuza bila wasiwasi. Mwenye magunia 6 hana ziada hata moja. Akiuza 3, ajue atayanunua tena wakati wa njaa, kwa bei ya wakati huo. Huyu ni afadhali atafute karo kwa ndengu, maembe, au hata mbuzi mmoja, mahindi yabaki ghalani.

Sasa tuongeze wadudu kwenye hesabu. Wakila sehemu moja tu katika kumi ya yale magunia 7 na nusu, wamekula kilo 67. Hicho ni chakula cha siku 33! Mwezi mzima wa ugali umeliwa na wadudu wasiolima wala kupalilia.

2. SUMU ISIYOONEKANA

Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2004. Watu 317 waliugua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Macho yaligeuka manjano, tumbo likauma na kuvimba. Wengine walidhani ni kurogwa. Kumbe ni mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha wakati usio wake, mwezi wa Februari, watu wakivuna. Mahindi yakaingizwa ndani yakiwa bado na unyevu, kuvu ikamea, na kuvu hiyo ikatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Hata mwaka wa 1981 sumu hiyo hiyo iliwahi kuua watu 12 Machakos.

Tuyashike mambo haya manne kuhusu sumu hii:

- Haina rangi, na huwezi kuitambua kwa kuonja. Mahindi yenye kuvu ni ya kuogopwa, lakini hata yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo kama yalikaa na unyevu.
- Haiishi kwa kupikwa. Ugali wa saa moja jikoni au isyo ya saa tatu, sumu iko pale pale.
- Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, kwa sababu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Lakini kupunguza si kumaliza. Mahindi yaliyooza hayawi chakula kwa kukobolewa.
- Ukimpa ng'ombe, sumu hupitia kwenye maziwa na kumrudia mtoto. Hata yule anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi anaharibika ini, na anaweza kupata saratani yake.

Mahindi yenye kuvu yazikwe au yachomwe. Tunajua ni uchungu kuzika jasho lako mwenyewe. Lakini tusiyauze kwa jirani wala kuyapeleka kwenye kinu cha posho yachanganywe na mazuri.

3. KUVUNA NA KUKAUSHA

Hatua ya kwanza: Vuna kwa wakati. Maganda yakishakauka, menya hindi moja, ng'oa punje, utazame ncha yake pale iliposhikana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, hindi limekomaa. Usiliache shambani wiki nyingi ati likaukie huko. Wadudu huanzia huko huko shambani.

Hatua ya pili: Mahindi yasiguse udongo. Kuvu ya sumu inaishi kwenye udongo. Usitupe mahindi chini wakati wa kuvuna, wala usiyaanike kwenye kiwanja kitupu. Tandika turubai, au jenga kichanja cha fito. Kama jamaa moja haiwezi kununua turubai, kikundi kinunue mbili tatu na kupanga zamu.

Hatua ya tatu: Chagua kabla ya kupukuchua. Mahindi yaliyotobolewa na ndege, yaliyooza ncha au yenye kuvu yawekwe kando. Kazi hii ni ya kukaa na kuongea, na watoto wanaweza kusaidia, lakini inaondoa sehemu kubwa ya hatari.

Hatua ya nne: Usipige kwa fimbo. Tunajua ni njia ya haraka: mahindi kwenye gunia, vijana wawili, kazi imekwisha. Lakini punje zikivunjika, kuvu na wadudu wanapata mlango. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine.

Hatua ya tano: Anika punje zikiwa zimetandazwa nyembamba, unene wa vidole viwili hivi. Zigeuze mara kwa mara. Jioni zifunike au ziingize ndani, maana umande wa usiku hurudisha unyevu wote ulioutoa mchana.

KIPIMO CHA CHUMVI

Wataalamu wanataka mahindi ya kuweka ghalani yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama afisa wa kilimo au mnunuzi ana mashine ya kupima, mtumieni. Kama hakuna, fanya hivi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi mpaka karibu nusu ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu acha itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado. Ikianguka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hapo usikimbilie gunia. Anika siku moja au mbili zaidi za jua kali, ndipo uyaweke. Mahindi uliyopimia wape kuku baada ya kupepeta chumvi yote, au yatenge tu.

4. KUWEKA

Adui mkubwa siku hizi ni dumuzi. Mdudu huyu hakuwa wetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Kenya mwaka wa 1983 upande wa Taveta, akitokea Tanzania. Anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi, na anaweza kuyageuza unga mtupu. Ndiyo sababu tunasema pukuchua. Dawa ya unga ikinyunyizwa juu ya magunzi haimfikii huko ndani alikojichimbia.

Kuna njia mbili zinazotumika sana:

Dawa ya unga. Nunua iliyoidhinishwa kwa nafaka, kutoka duka linaloaminika, pakiti ikiwa haijafunguliwa. Soma tarehe, soma kipimo, na usubiri siku zilizoandikwa kabla ya kula. Dawa ya mifugo, ya mboga au ya mbegu za kupanda haiwekwi kwenye chakula hata kidogo.

Gunia lisilopitisha hewa. Hili lina mifuko ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Halihitaji dawa. Wadudu waliofungiwa humo wanamaliza hewa na kufa. Kabla ya kujaza, puliza ule mfuko wa ndani kama baluni uone kama umetoboka. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo, funga kwa kamba, kunja, funga tena. Fanya hivyo kwa kila mfuko. Bei yake ni juu kuliko gunia la kawaida, lakini lisipotoboka linatumika zaidi ya msimu mmoja. Liache lifungwe, usilifungue kila asubuhi kuchota goro moja. Toa ya wiki mbili mara moja, ufunge haraka. Na tunarudia: gunia hili halikaushi mahindi. Ukiweka yenye unyevu, unafuga kuvu.

Njia yoyote utakayotumia, fagia ghala kwanza na uchome taka za mwaka jana, maana wadudu wamelala humo. Panga magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Kama ghala limesimama kwa miguu, funga bati la mviringo kwenye kila mguu kuzuia panya.

Maharagwe na kunde kwa kiasi kidogo, kama mbegu, waweza kuchanganya na jivu safi la kuni lililochekechwa, kama mama zetu walivyofanya.

5. MBOGA NA MAEMBE

Majani ya kunde ni mengi wakati wa mvua, na kiangazi kikizidi hayapo. Chuma yaliyo laini, osha, chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, toa, chuja. Tandaza kwenye kichanja chenye wavu, kivulini penye upepo. Tunasema kivulini kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Yakivunjika mkononi kama karatasi kavu, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali penye giza. Siku ya kupika, loweka kwanza.

Maembe: chagua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Osha, menya, kata vipande vya unene wa nusu sentimita. Nyunyiza maji ya limau ili yasibadilike rangi. Kausha kwenye kikaushio cha jua, yaani sanduku lenye wavu chini na plastiki angavu juu, lililo na matundu ya kupitisha hewa. Huzuia vumbi na nzi. Kipande kilichokauka kinakunjika kama ngozi na hakitoi maji ukikiminya. Maembe yaliyooza chini ya mti msiyaache. Yazikeni nusu mita kwenda chini, la sivyo nzi wa matunda watazaana humo na kuharibu ya mwaka ujao.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi walinunua mahindi kabla ya mavuno yaliyopita? Walianza kununua mwezi gani?
2. Bei ya goro ilikuwa ngapi wakati wa mavuno, na ngapi wakati wa njaa? Tofauti hiyo ilimwendea nani?
3. Nani hukata shauri la kuuza nyumbani? Je, baba na mama hupiga hesabu pamoja?
4. Tunaweza kusaidiana vipi na karo ya Januari, kwa mfano mkopo mdogo kutoka mfuko wa kikundi, ili mwanachama asiuze chakula chake?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanachama apime chakula anachopika kwa siku saba, aandike, kisha afanye hesabu ya magunia ya jamaa yake. Karani akusanye hesabu hizo kwenye kitabu. Mkutano ufuatao mjaribu kipimo cha chumvi pamoja, kila mtu akileta konzi chache za mahindi yake mwenyewe. Yule ambaye chumvi yake itashika kwenye chupa asichekwe. Apewe turubai ya kikundi kesho yake, kabla ya mwingine yeyote.