Somo la Kikundi: Timbo la Mawe Linapofika Mlangoni

Lengo: Wanakikundi wajue ni wakati gani wa kupinga upanuzi wa timbo, na waandike pingamizi linaloweza kusikilizwa.

Ukipita Mlolongo na Athi River katika Kaunti ya Machakos, au Ndarugo upande wa Kiambu, utaona matimbo ya mawe na nyumba za watu yakiwa majirani. Mara nyingi timbo lilianza wakati hapo palikuwa malisho tu. Halafu watu wakanunua ploti, wakajenga, shule ikaja. Sasa mwenye timbo anataka ekari zaidi, na upande uliobaki ni ule wenye watu.

Tuseme ukweli kwanza. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe na kokoto hizo hizo, na vijana wetu wengine wanapata unga wao timboni. Kwa hivyo kikundi kisianze kwa kutukanana. Lakini baruti inapopasua ukuta, vumbi la mawe linapoingia mapafuni, na shimo lililoachwa linapojaa maji watoto wakizama humo, hasara ni ya kijiji kizima. Hata yule kijana wa timboni ana mama anayelala karibu na hilo shimo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka timbo lifanyiwe uchunguzi wa athari zake kwa mazingira kabla ya leseni kutolewa. Ripoti kamili ya uchunguzi huo ikifika kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali na gazeti la kawaida, ili wananchi watoe maoni kwa siku zilizotajwa. Leseni ya zamani nayo haimpi mtu ruhusa ya kupanua apendavyo. Mradi ukibadilika sana, NEMA inaweza kuagiza uchunguzi mpya.

Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna mtu ameshaumia. Yaani huna haja ya kungoja nyumba ianguke.

Funzo kutoka Lamu

Mwaka 2016 mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe ulipewa leseni huko Lamu. Wakazi wakakata rufaa katika jopo la kitaifa la mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni ile. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwako, ndiyo, lakini ilikuwa ya utangulizi tu. Watu hawakuelezwa vizuri matokeo ya uchunguzi ili wayajibu. Basi tukumbuke: kuitwa mkutanoni, kunywa soda na kurudi nyumbani si kushirikishwa.

Hatua za kufuata

1. Wekeni daftari moja na karani mmoja. Andikeni tarehe na saa baruti ilipolia, ukuta gani ulipasuka, nani alipelekwa kliniki kwa kifua. Pigeni picha kwa simu. "Tunaumia sana" ni kilio. Daftari ni ushahidi.

2. Mtu mmoja apewe kazi ya kufuata matangazo, na kuuliza kwa chifu na ofisi ya NEMA ya kaunti kama kuna ombi la upanuzi. Siku za maoni zikipita mmelala, kazi inakuwa ngumu mara kumi.

3. Ombeni kuiona ripoti yenyewe. Aliyesoma awasomee wengine kwa lugha wanayoielewa.

4. Msitie sahihi karatasi tupu. Orodha ya waliohudhuria inaweza kutolewa baadaye kama orodha ya waliokubali. Andikeni juu yake: "Tumehudhuria. Hatujakubali."

5. Andikeni barua fupi, mseme mnachotaka: timbo lisisogee kabisa, au likae mbali kiasi gani, baruti ipigwe saa ngapi, shimo la zamani lifukiwe lini. Pelekeni nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo.

6. Leseni ikitolewa hata hivyo, rufaa kwa jopo la mazingira hupelekwa ndani ya siku 60. Tafuteni wakili mapema, msingoje siku ya 59.

Onyo: Mwenye timbo anaweza kuja na mabati ya shule au kazi kwa watoto wa viongozi wa kikundi. Zawadi yoyote ijadiliwe mbele ya wote na iandikwe. Kikundi huvunjika kwa siri kuliko kwa umaskini.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kati yetu anapata riziki timboni? Tumemsikiliza?
2. Nyumba ya karibu iko hatua ngapi kutoka ukingo wa shimo? Nendeni mkapime pamoja.
3. Tangazo likitoka leo, nani angeliona, na angemwambia nani?
4. Daftari letu litakaa kwa nani?

Kabla ya kuachana, mchagueni karani. Ukurasa wa kwanza uandikwe leo leo.