Mtaje Mtoto Kabla ya Kula Kiapo



*Nakuandikia kutoka Lubao. Nina miaka 29, nauza kuku na mayai hapa sokoni. Mume wangu ni mtu wa hapa Malava, lakini amekaa Texas miaka mingi na sasa ni raia wa Marekani. Tulijuana kupitia dada yake, ambaye duka lake limepakana na mahali ninapouzia. Mwaka wa 2022 alikuja, wazee wakakaa, ng'ombe wakatolewa. Mwishoni mwa 2023 akarudi, tukaandikisha ndoa na kupata cheti. Sasa nimeitwa mahojiano ya viza ubalozini Nairobi na usingizi umenipotea.*

*Kuna broka Kakamega mjini anayetaka shilingi 45,000 atupe maswali na majibu, mimi na mume wangu tukariri ili yafanane. Anasema wengi wamepita mikononi mwake. Shida nyingine, nina mtoto wa miaka tisa niliyempata kabla ya kuolewa. Niliishi na baba yake mwaka mmoja hivi, na hakuwahi kufika kwetu. Mume wangu anamjua mtoto na ndiye anayemlipia karo, ila alipojaza fomu hakumwandika. Yangu nami nilijaziwa saiba, ikatoka vivyo hivyo. Broka anasema nisimtaje, nikishafika nitamwita. Mume wangu ameniambia nimsikilize broka tusiharibu mambo. Tena picha zetu ni chache, na tarehe ya ndoa mimi husema 2022, yeye aliandika 2023. Nifanye nini?*

*Muuza kuku, Lubao*

Mulembe, binti yangu.

Umemtaja broka kwanza, mtoto ukamweka katikati. Mimi nitaanza na mtoto, kwa sababu katika jambo hili lote yeye ndiye asiye na mtu wa kumsemea, na jibu langu kumhusu ni fupi: mtaje.

Broka amekufanya uamini kwamba mtoto ni kizuizi. Si kweli. Hakuna sheria ya Marekani inayomnyima mke viza kwa sababu alizaa kabla ya kuolewa. Sheria hiyo hiyo inamtambua mtoto wa kambo kuwa mtoto wa raia, mradi ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Wako alikuwa mdogo kabisa mlipooana, kwa hiyo haki hiyo anayo tayari. Jambo moja tu ulielewe vizuri: viza ya mke wa raia haimbebi mtoto ndani yake. Mumeo anapaswa kumjazia mtoto fomu yake mwenyewe ya I-130, ile ile aliyokujazia wewe, na faili ya mtoto ina safari yake. Yaani kumtaja hakukupunguzii kitu, na kumficha hakukuongezei kitu.

Sasa tazama unachopoteza ukimficha. Kabla ya kuanza maswali, afisa atakuambia uinue mkono uape kwamba yote uliyoandika na utakayosema ni kweli. Ukiapa huku fomu inasema huna mtoto, umeapa uongo. Uongo wa makusudi katika jambo lenye uzito unaweza kukufungia viza maisha yako yote, na kuomba marufuku hiyo iondolewe ni kazi ya mawakili na miaka. Na tuseme umepita, umefika Texas, sasa unamwita mtoto. Mumeo atapeleka cheti cha kuzaliwa chenye jina lako mahali pa mama, na ofisi itafungua faili yako na kukuta ulikula kiapo kwamba mtoto huyo hayupo. Hiyo ndiyo "baadaye" ambayo broka anakuahidi.

Kuna jambo ambalo huenda hamjaliona, wewe na mumeo. Unalalamika kwamba ushahidi wenu ni mchache, na hapo hapo unaniambia kwamba mwanamume huyu analipa karo ya mtoto asiyekuwa wake wa damu. Binti yangu, ni ushahidi gani mzito kuliko huo? Mtu anayeoa ili kuuza karatasi hamlipii mtoto wa mwenziwe shule muhula baada ya muhula. Stakabadhi za karo zenye jina la mtoto, zikiwekwa kando ya rekodi za pesa zilizotumwa kutoka Texas, zinaeleza ndoa yenu kuliko picha nyingi za harusi. Kwa kumficha mtoto mnaficha pia kitu bora mlicho nacho.

Basi fomu irekebishwe, na irekebishwe kabla ya siku ya mahojiano. Mumeo aandike barua aliyoitia sahihi, yenye nambari ya kesi yenu, jina kamili la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, aseme kwamba hakumwandika na sasa anasahihisha. Barua hiyo iende ubalozini, kwa kuwa ukishaitwa mahojiano faili huwa imeshatoka kwenye kituo cha viza kule New Hampshire. Wewe nawe uwaandikie kwamba fomu yako ya DS-260 ina kasoro hiyo hiyo. Chapisha nakala za barua zote mbili, ubebe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hata kama hujajibiwa, ukifika dirishani, kabla hujainua mkono, sema: "Nina jambo la kusahihisha kwenye fomu yangu." Anayesahihisha mwenyewe kabla ya kuulizwa husikilizwa tofauti sana na anayekamatwa.

Ukiulizwa kuhusu baba wa mtoto, eleza ilivyokuwa: mliishi pamoja mwaka mmoja, hapakuwa na mahari wala wazee, mkaachana. Kuna watu watakaokutisha kwamba kukaa kwenu kulikuwa ndoa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba dhana ya kuwahesabu watu kuwa wameoana kwa sababu tu waliishi pamoja itumike kwa nadra, na iliweka masharti makali, yakiwemo kukaa pamoja muda mrefu na nia ya kuwa mume na mke. Huna sababu ya kuogopa kusema ukweli wa mwaka mmoja.

Niseme sasa kuhusu mumeo, na ninasema kwa heshima, kwa maana mtu anayelipa karo ya mtoto wako si mtu mbaya. Ameogopa. Amekaa ugenini, amesikia hadithi za watu walionyimwa, akaona njia salama ni kunyamaza. Lakini ninyi wawili hamjawahi kukaa mkalizungumza jambo hili mpaka mwisho. Mmemwachia mtu wa tatu aamue kama mtoto yupo au hayupo. Hilo linanisumbua kuliko viza. Kenya iko mbele ya Texas kwa saa nane au tisa kulingana na majira, kwa hiyo usimpigie akiwa anatoka kazini amechoka. Mwambie akupangie saa aliyopumzika, umsomee hata barua hii ukitaka. Muulize waziwazi: je, mtoto ataishi nasi? Akisema ndiyo, fomu ya mtoto ianze kuandaliwa. Akisitasita, ni heri ulijue hilo ukiwa Lubao, karibu na watu wako, kuliko kulijua ukiwa Texas.

Kwenye simu hiyo hiyo muulize kama aliwahi kuoa huko, na kama ndoa ile ilivunjwa mahakamani. Ukaguzi wa ndoa zilizopita ni lazima, na hukumu ya talaka inapaswa kuwa kwenye faili. Mke ambaye hajui kama mumewe aliwahi kuoa hujibu swali hilo kwa kigugumizi, na kigugumizi hicho huzaa maswali kumi.

Tarehe ya ndoa isikunyime usingizi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kiserikali, na inataka ndoa ya kimila iandikishwe. Chukua cheti usome tarehe iliyochapishwa pale penye siku ya ndoa. Hiyo ndiyo tarehe yenu kwenye kila karatasi na kila jibu. Ikiwa ni ya 2023, sema 2023, kisha ueleze kwamba wazee walikutana 2022 na ng'ombe wakatolewa. Ikiwa cheti kinasema 2022, mumeo ndiye wa kusahihisha. Tarehe hiyo ina kazi nyingine pia: siku utakayoingia Marekani, ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, utapewa kadi ya kijani ya miaka miwili yenye masharti, na ndani ya siku 90 za mwisho mtaomba pamoja masharti yaondolewe. Ikiwa imepita miaka miwili, unapewa ya miaka kumi.

Kuhusu majibu ya kukariri, nakuomba ukatae. Bunge la Marekani lilikaza sheria dhidi ya ndoa za uongo mwaka wa 1986, na tangu hapo maafisa wamekuwa wakisikiliza watu wa kila aina. Majibu ya kununua wanayajua. Mume na mke wa kweli hawakumbuki sawa: yeye atakumbuka mvua iliyowanyeshea wazee, wewe utakumbuka nani alipika. Afisa akishaamini kwamba majibu yako ni ya uongo, anaweza kuiona ndoa nzima kuwa ya uongo, na ndoa ikishaandikwa hivyo hakuna ombi jingine la mume yeyote litakalokubaliwa kwako.

Mjiandae kwa kujuana. Mwambie azunguke na simu ndani ya nyumba akuonyeshe anapolala, anapopika, nani anakaa naye. Jua anafanya kazi gani kwa jina lake, anaingia zamu saa ngapi, anaendaje kazini. Mkumbushane nani alianza kumwandikia mwenzake, dada yake alisema nini, nani walikuja siku ya mahari, mara ya mwisho alipokuja alikaa kwa nani. Haya ni mazungumzo ya kila mke ambaye mumewe yuko mbali, na mtayafurahia. Usilolijua, sema hujui. Kama Kiingereza kinakukwama, omba Kiswahili tangu mwanzo badala ya kukubali swali ambalo hujalielewa.

Ushahidi uchapishe. Nasisitiza hili kwa sababu simu hairuhusiwi kuingia ubalozini. Mazungumzo yote ya WhatsApp yaliyomo kwenye simu iliyobaki nje hayatakusaidia. Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa itumwe kwa barua pepe, umwambie mumeo akutumie risiti za kule anakotumia pesa. Chagua jumbe chache za kila kipindi tangu mlipojuana, si rundo la wiki moja. Nyuma ya kila picha andika ni akina nani, wapi na lini. Ile ya wazee na ng'ombe ndiyo iwe ya kwanza. Akutumie pia nakala za mihuri ya pasipoti yake ya 2022 na 2023, maana inaonyesha alikuja kwa ajili yako mara mbili.

Vipimo vya afya hufanywa na madaktari walioidhinishwa na ubalozi pekee, na ufanye mapema: picha ya kifua ikileta shaka ya kifua kikuu, kuotesha makohozi huchukua wiki kadhaa. Safiri siku moja kabla, ulale Nairobi, usishuke basi la usiku ukaenda moja kwa moja Gigiri. Ukirudishiwa karatasi inayosema kesi imesimama wakisubiri hati fulani, usilie wala usimkimbilie broka. Soma wanachotaka, ukipeleke.

Huyo broka mwambie hapana. Mwaka wa 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipia mpango wa kuwapeleka watoto wao Ufini na Kanada, na mpango ule ulikuwa wa Kaunti ya Uasin Gishu yenyewe. Kama walio na kaunti nyuma yao waliumia, wewe unayemtegemea broka utamshtaki nani? Ikiwa mnahitaji msaada wa kulipia, mumeo atafute Texas wakili wa uhamiaji mwenye leseni, au shirika lisilo la faida lenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Mashirika hayo huwa ya bei nafuu.

La mwisho ni la nyumbani. Faili ya mtoto itachelewa kuliko yako, na mtabaki mbali kwa muda. Amua sasa atakaa na nani, na baba yake mzazi ashirikishwe, kwa maana idhini yake huenda ikahitajika siku ya mtoto kusafiri. Kisha mwambie mtoto mwenyewe, kwa kinywa chako. Kila Alhamisi watu hufurika Lubao kununua mbwa na kuku, na habari huuzwa pamoja nao. Asisikie sokoni kwamba mama yake anaondoka. Mpigie mumeo wiki hii, barua ya masahihisho iende, kisha uniandikie walivyokujibu.