Runinga na Hesabu Yake ya Kuzaliwa

Katika toleo hili nimeamua kuacha kidogo mambo ya ngeli na vitendawili ili nizungumzie runinga. Usishangae. Mbele ya chama chetu kuna hoja kwamba pesa za kiingilio tulizochanga kwa miaka mitatu zitumike kununua runinga mpya ya 4K, maanake ile tuliyo nayo eti haina HD ya kweli. Kura itapigwa muhula ujao. Pesa hizo hazikuokotwa. Wengine wetu walizitoa kwenye nauli wakatembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi shuleni. Kwa hivyo naomba kabla ya mtu yeyote kuinua mkono, aelewe kwanza ni nini hasa tunachotaka kununua.

Chukua karatasi ya grafu, ile tunayotumia katika somo la Hisabati. Kila kimraba ukihesabu kuwa ni nukta moja, na kila nukta iweze kupakwa rangi moja tu kwa wakati mmoja, basi umeshakielewa kioo cha runinga bapa. Nukta zake zilipangwa kiwandani kwa safu na mistari, na hakuna rimoti wala fundi awezaye kuongeza hata moja. Runinga inayoitwa Full HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwenda chini, yaani 2,073,600 kwa jumla. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, ambazo ni 8,294,400. Ya chama chetu, ya inchi 32, ina 1366 kwa 768. Ukizidisha unapata 1,049,088. Mimi naiita hesabu ya kuzaliwa, kwa sababu runinga huzaliwa nayo na hufa nayo.

Zile runinga za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa hivi. Ndani yake mwali wa elektroni ulichora picha mstari kwa mstari juu ya kioo, na mistari ilipobadilika idadi, baadhi yazo ziliweza kubadilisha uchoraji wenyewe. Kioo bapa hakina hiari hiyo. Picha ikija na nukta chache kuliko zake, lazima ainyooshe. Ikija na nyingi, lazima aibane. Haachi nukta hata moja ikae bure, isipokuwa umwambie aache ukingo mweusi.

Sasa tufanye zoezi. Toa penseli. Chora safu ya vimraba vinne: cheusi, cheupe, cheusi, cheupe. Hiyo ndiyo picha iliyotumwa. Chini yake chora safu nyingine yenye vimraba sita katika urefu ule ule. Hicho ndicho kioo. Haya, hamisha picha. Kila kimraba cha juu sasa kinatakiwa kujaza kimoja na nusu cha chini. Cha kwanza kitakuwa cheusi bila shida. Cha pili je? Nusu yake imeangukia kwenye weusi na nusu kwenye weupe, nacho hakiwezi kushika rangi mbili. Runinga haina la kufanya ila kuchanganya, na hapo panazaliwa kijivu ambacho hakikuwamo kwenye picha. Cha tatu cheupe, cha nne cheusi, cha tano kijivu tena, cha sita cheupe. Mistari iliyokuwa mikali kama wembe imekuwa na ukungu kati yake.

Hivyo ndivyo inavyotokea picha ya mistari 720 inapoingia katika kioo cha mistari 1080, kwa kuwa 1080 ni 720 mara moja na nusu. Rudia zoezi kwa vimraba vinane na utaona ajabu: kila kimoja kinakuwa viwili kamili, na kijivu hakipo. Ndiyo sababu picha ya 1080 hukaa vizuri kwenye kioo cha 4K, maana 2160 ni mara mbili ya 1080. Lakini usidhani imepata kitu kipya. Nukta moja imegeuka nne zinazofanana. Runinga nyingi hata hazirudii hivyo tu, bali huzilainisha nukta kwa hesabu ndefu zaidi ili picha isionekane kama ngazi. Kulainisha huko kunapendeza kwenye nyuso za watu na kwenye mawingu. Kwenye herufi ndogo hakupendezi hata kidogo.

Hebu tazama sasa ile 1366 kwa 768 yetu. Hesabu hii inachekesha. Urefu wa 768 ulikuwa umezoeleka katika vioo vya tarakilishi vya 1024 kwa 768. Ukitaka umbo la 16 kwa 9 lenye urefu huo unapata upana wa 1365 na kidogo juu, wakafanya 1366. Basi runinga ya aina hii hailingani na picha ya 720 wala ya 1080. Ya kwanza itanyooshwa, na ya pili itabanwa, karibu mistari saba iwe mitano. Ni kama mtu mwenye mguu wa saizi ambayo hakuna duka linauza kiatu chake.

Lakini mbona kwenye sanduku iliandikwa HD? Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Alama ya "HD Ready" ilianzishwa Ulaya mwaka wa 2005, nayo ilidai kioo kiwe na angalau mistari 720 na runinga iweze kupokea mawimbi ya 720 na ya 1080. Sikiliza neno lenyewe: kupokea. Runinga inaweza kupokea 1080 vizuri kabisa, ikaandika 1080 pale pembeni ukibonyeza rimoti, na bado ikakuonyesha mistari 768. Mwenye duka hajasema uongo, ila hajakwambia habari yote.

Neno jingine linalowachanganya watu ni dijitali. Kenya ilihama kutoka analogia kwenda dijitali mwaka wa 2015, na mpaka leo kuna wanaoamini kwamba siku ile picha zote zilikuwa HD. La hasha! Dijitali ni namna ya kusafirisha picha, na HD ni ukubwa wa picha yenyewe. Kituo kinaweza kurusha kwa dijitali picha ya kawaida ya 720 kwa 576, ambayo ina nukta 414,720 tu. Gawanya mwenyewe. Kioo cha Full HD kina nukta mara tano ya hizo, kamili bila baki. Kioo cha 4K kina mara ishirini. Maana yake, ukiitazama taarifa ya habari ya picha ya kawaida kwenye runinga ya 4K, kila nukta 1 iliyotumwa na kituo inafuatana na 19 zilizotungwa na runinga. Hapo ndipo watu husema, "Mbona ile yetu ya zamani ilionyesha vizuri kuliko hii?" Wala hawajakosea. Kioo kipya ni kikubwa, na kila doa sasa linaonekana kama limewekewa miwani.

Kabla hatujafika kwenye pesa, kuna njia tatu ambazo picha huharibika nyumbani bila gharama yoyote ya kuirekebisha. Ya kwanza ni waya. Kuna watu wana dekoda ya HD na runinga ya HD, lakini katikati wamechomeka ule waya wa rangi tatu, manjano, nyekundu na nyeupe. Ule wa manjano ndio hubeba picha, nao hubeba picha ya kawaida peke yake. HD inafia njiani. Waya wa HDMI ndio unaotakiwa. Ya pili ni mipangilio ya dekoda. Ikiwa umeiacha kwenye 720 na runinga yako ni ya 1080, basi kituo kinachorusha 1080 kinabanwa na dekoda kwanza, kisha runinga inanyoosha tena. Picha imepita mikononi mwa mafundi wawili, na kila mmoja amekata kidogo. Iache dekoda itoe 1080, imetosha.

Ya tatu ndiyo iliyokisumbua chama chetu. Zile runinga za mgongo mkubwa zilificha ukingo wa picha nyuma ya fremu, kwa sababu ukingo haukutulia vizuri. Mazoea hayo yakahamia kwenye runinga bapa: nyingi zikitoka dukani huikuza picha kwa asilimia chache na kutupa kando zake. Hata ukiipa runinga ya 1080 picha ya 1080, ambayo ingepaswa kukaa nukta kwa nukta, bado inanyooshwa bure. Ijumaa zetu tunapochomeka kipakatalishi ili kusoma mashairi ya wanachama kwenye kioo, jina la mtunzi juu lilikuwa likikatika na herufi zilikuwa na ukungu. Wengi walisema kioo kimechoka. Fundi mmoja tuliyempelekea alitaka pesa za kubadilisha kioo kizima! Dawa ilikuwa kwenye rimoti. Runinga za LG hukiita kipengele hicho "Just Scan", Samsung huita "Screen Fit", na Sony huita "Full Pixel". Tulikiwasha, kisha tukakiambia kipakatalishi kitume 1360 kwa 768 badala ya 1280 kwa 720. Jina la mtunzi likarudi. Herufi zikasimama. Nukta sita za upana zilizobaki hazikumkosesha mtu usingizi. (Niseme ukweli, kuna runinga za 768 ambazo hukataa mpangilio huo kupitia HDMI. Yetu ilikubali.)

Haya basi, twende kwenye kura. Wenzetu wanaokaa viti vya nyuma wanalalamika kwamba bado hawasomi maneno, na malalamiko yao ni ya haki. Mmoja wao ana matatizo ya macho na hunakili mashairi kutoka kwenye daftari la jirani baada ya kipindi. Je, 4K itamsaidia? Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii, chini ya hapo huviona kimoja. Nimepiga hesabu hiyo kwa kioo chetu cha inchi 32. Ukikaa umbali wa kama mita 1.8 au zaidi, nukta zake haziwezi kutenganishwa. Kioo cha inchi 55 cha Full HD, ni mita 2.2 hivi. Cha inchi 55 cha 4K, ni mita 1.1. Nimepima chumba chetu kwa rula ya mita moja ya maabara. Kiti cha mbele kabisa kiko mita 2.5 kutoka kwenye kioo, na cha nyuma mita 6. Hakuna mwanachama hata mmoja, awe na macho ya tai, atakayeziona nukta tutakazolipia.

Wanachokosa wa nyuma ni ukubwa wa herufi. Inchi 55 itazikuza herufi kwa karibu mara 1.7, na huo ni msaada wa kweli. Kuandika beti mbili kwenye kioo badala ya nne ni msaada pia, tena wa bure. Na kanda zetu za tamthilia, zile zilizorekodiwa kwa simu, zote ni za 1080. Zile za wanafunzi waliotutangulia ni za 576.

Kwa hivyo muhula ujao nitaleta marekebisho ya hoja: kwamba tutafute runinga ya inchi 55 hata ikiwa ni Full HD, mradi bei yake iwe nafuu kuliko ya 4K ya saizi ile ile, kwamba mwenye duka atufungulie kijitabu chake mahali palipoandikwa hesabu ya nukta za kioo, si zile zinazopokelewa, na kwamba tubebe kipakatalishi chetu dukani, tukichomeke pale pale, tuweke shairi kwenye kioo, na yule mwenzetu wa kiti cha nyuma asimame hatua nane nyuma alisome kwa sauti kabla ya mweka hazina kufungua mkoba.